Nyusi za Taifa Zisiloweshwe

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lilikuwapo, tena zuri, lakini lilipelekwa kwenye kamati kuboreshwa miaka kumi na moja iliyopita, na kamati bado inakaa. Kwenye fomu za serikali, mahali pa jina la nchi pana nukta nukta, nasi tumezizoea. Mgeni akituuliza tunatoka wapi tunajibu "kwetu", na anayetaka kujua zaidi huambiwa aandike barua.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani naizungumzia nchi yake. Nchi yako ina jina. Kaa kwa amani.

Mimi naitwa Siwatu, na kazi yangu ni nyusi. Nilikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko la kuku, kitanda kimoja, taa moja kali, na sindano mpya kwa kila mteja. Humo niliwachora nyusi za tatuu wanawake ambao za kwao zilinyonyoka kwa uzazi, kwa maradhi, au kwa ujinga wa wembe. Niwaambie siri ya ufundi huu: kuchora si kazi. Mwenye mkono uliotulia yeyote atachora. Kazi ni kuzitunza zikipona, na hapo ndipo watu wanaponishinda, kwa sababu binadamu mwambie asijikune, ndipo anapokumbuka kuwa ana kucha.

Kiongozi wetu anaitwa Mheshimiwa Nguzo. Picha yake rasmi imetundikwa katika kila ofisi, kila duka, kila zahanati, na kwa amri ya mwaka juzi, kila banda la ng'ombe wa maziwa. Picha hiyo ilipigwa siku alipoapishwa, miaka ishirini na sita iliyopita, na ndani yake Nguzo ana nyusi. Si nyusi za kubahatisha. Ni nyeusi, nene, zimejaa hadi pembeni. Watoto wa darasa la kwanza hufundishwa kuzichora kabla ya kufundishwa herufi.

Miaka ikapita. Picha haikuzeeka. Aliyezeeka ni Nguzo, jambo ambalo sheria zetu hazikulitazamia.

Asubuhi moja alitoka Ikulu kwa miguu kunyoosha viungo, peke yake, amevaa kaptura. Aliporudi, koplo wa getini alimtazama, akaitazama picha iliyo kibandani kwake, akamtazama tena.

"Mzee, hapa hapaingii mtu."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Unashabihiana kidogo na Mheshimiwa, sikatai. Ila Mheshimiwa ana nyusi."

Nguzo alikaa juu ya jiwe nje ya geti lake mwenyewe dakika arobaini, mpaka alipotokea mpishi aliyemtambua kwa sauti. Koplo yule alitunukiwa nishani ya umakini saa nne, na saa tano akafungwa kwa kosa la upofu. Serikali yetu haimnyimi mtu haki yake, hata zikiwa mbili.

Baraza la Mawaziri likakutana kwa dharura. Ajenda ilikuwa moja: kati ya uso na picha, kipi kimekosea?

Waziri wa Mwonekano, Bwana Kisuguru, alisimama, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akasema: "Ndugu wajumbe, picha ilipitishwa na Bunge. Je, uso ulipitishwa na nani? Picha ina muhuri. Uso una muhuri? Picha imewekewa fremu na kioo, ilhali uso uko wazi, unapigwa na vumbi na kila mwenye macho anautazama bila kibali. Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa kuzingatia maslahi mapana ya taifa, natoa hoja kwamba uso urekebishwe ulingane na kumbukumbu."

Makofi yalipigwa dakika saba. Nguzo mwenyewe alipiga makofi, maana ndiyo desturi ya baraza.

Ndipo ikaundwa Ofisi ya Uso, na katibu wake akateuliwa Leokadia.

Huyu Leokadia naomba nimweleze taratibu, maana nikifika kwake roho hunipanda. Alikuwa shoga yangu tangu tuna miaka kumi na saba. Chumba kile cha soko la kuku tulikipanga pamoja. Yeye akisuka nywele, mimi nikichora nyusi. Miaka tisa iliyopita jiko la mafuta lilimlipukia. Mungu alimwachia macho, akamwachia ngozi, akachukua nyusi zote mbili, nazo hazikuota tena. Leokadia akajifungia ndani na kanga usoni, hataki kuonwa hata na muuza maziwa. Mimi ndiye niliyemtoa. Nilimchora, nikamlaza kwangu mwezi mzima. Asubuhi nilimpaka mafuta kwa ncha ya pamba, tone dogo tu. Siku za kuwashwa nililala nimemshika viganja vyote viwili asije akajichubua usingizini.

Siku ya sita vigaga vikadondoka na rangi ikatoweka. Leokadia alijitazama kwenye kioo akapiga yowe. "Siwatu, umeniua! Umeniua mchana kweupe!"

"Tulia, Leo," nilimwambia. "Rangi haijaenda popote. Imefunikwa na ngozi mpya. Wiki ya nne utaiona."

Wiki ya nne akaiona. Alitoka akacheza barabarani, na wauza kuku wakampigia matenga. Na kwa uso ule ule akapata ukarani serikalini, akapanda ngazi hadi akawa wa kuitwa katibu. Nilifurahi kama vile nimepanda mimi.

Ndiye aliyenitaja kwa wakubwa. Alikuja chumbani kwangu na gari lenye pazia.

"Shoga, walitaka kuleta mtaalamu wa ng'ambo. Usalama wakakataa, wakasema mgeni hawezi kumchoma Mheshimiwa sindano, hiyo ni haki ya wazalendo. Nikakutaja wewe. Hii kazi ukiipata, umetoka."

"Na ikiniharibikia?"

"Mimi nipo."

Nikafunga sindano zangu nikaenda.

Ikulu walinipekua mara nne, na mara ya tatu walinipekua kwa kosa, walidhani mimi ni mwingine. Nguzo alikuwa amelala kwenye kochi refu. Kulia kwake alisimama Waziri Kisuguru ameshika picha rasmi, kushoto mpima ardhi wa serikali na kamba yake, kwa sababu sheria inasema mpaka wowote ndani ya nchi lazima upimwe na mpima ardhi. Tukapima. Kabla ya sindano ya kwanza Waziri alisoma hotuba ya kuifungua kazi, kisha wimbo wa taifa ukapigwa, sote tukasimama, na Nguzo akasimama na dawa ya ganzi ikamtiririkia machoni.

Nilipoinama juu yake alinong'ona, "Mwanangu, itauma?"

"Kidogo, Mzee. Ganzi imeshika."

"Usiwaambie nimeuliza."

Nilimwonea huruma. Nikamchora vizuri, saa mbili na nusu, unywele mmoja mmoja, kama ninavyomchora bibi harusi. Nilipomaliza Waziri alipeleka picha karibu na uso, akatikisa kichwa, akatangaza kwamba sasa vyote viwili ni halali.

Kisha nikaandika karatasi ya utunzaji, kwa mkono wangu, pande mbili. Upande wa mbele: zisiloweshwe siku kumi na nne. Asipigwe jua, asitoke jasho, asisogee karibu na mvuke. Asijikune. Vigaga visibanduliwe, viachwe vidondoke vyenyewe. Asilale kifudifudi. Apakwe mafuta kidogo sana. Upande wa nyuma: kuanzia siku ya sita rangi itaonekana kana kwamba imetoweka yote. Msihangaike. Itarudi wiki ya nne. Wiki ya sita nitakuja kujazia palipopungua.

Nilimsomea Leokadia pande zote mbili, nikihesabu kwa vidole.

"Hayo nayajua," alicheka. "Si yalinikuta mwenyewe?"

"Basi mwambie Mzee mapema, siku ya sita isimpige dafrao."

"Nitamwambia, Siwatu. Hebu nenda kapumzike."

Jambo moja sikulijua. Katika nchi yetu, kwa mujibu wa Waraka wa Arobaini, karatasi ya serikali ina upande mmoja. Zamani mtu fulani aliandika tusi nyuma ya taarifa ya mavuno, na tangu hapo mgongo wa karatasi hausomwi, hauandikwi wala hautajwi. Karani akipokea waraka huupaka gundi mgongo mzima na kuubandika kwenye jalada gumu. Karatasi yangu nayo ikapakwa gundi, ikabandikwa, ikapigwa muhuri wa SIRI. Leokadia ndiye aliyetia sahihi.

Siku kumi na nne za uponaji zilitangazwa redioni, nasi wananchi tukaombwa tushiriki.

Kwa kuwa nyusi hazitaki mvuke, mama lishe wote walio kilomita mbili kutoka Ikulu waliamriwa wapike bila kuchemsha. Kwa kuwa hazitaki jua, miti yote ya barabara kuu iliongezewa matawi ya kukodi kutoka mkoani. Kwa kuwa hazitaki maji, mkurugenzi wa mabomba alikata maji mji mzima kwa tahadhari, akasema heri nusu shari. Watu walioga kwa vitambaa na kujisifu wao ni wazalendo. Jirani yangu mmoja alikutwa na ndoo iliyojaa, akaandikiwa kosa la kuhatarisha uso.

Siku ya nne nyusi zilianza kuwasha. Hili ndilo nililiogopa. Lakini Ofisi ya Uso ilikuwa imejipanga. Waziri Kisuguru aliketi kando ya Nguzo, na kila Nguzo alipowashwa alimnyooshea kidole, Waziri akajikuna za kwake kwa niaba. Kufikia jioni Waziri hakuwa na nyusi tena. Alipongezwa kwa kujitolea.

Vigaga navyo vilipewa heshima yake. Cha kwanza kilidondoka saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kwenye bakuli la supu. Supu ilichujwa mbele ya mashahidi, kigaga kikatiwa kwenye chupa, chupa ikapelekwa makumbusho ya taifa kwa ving'ora. Wanafunzi walipangwa barabarani wapunge mikono. Wengi walidhani ni mgeni rasmi.

Amri iliyoniponza mimi ni ile ya habari. Ofisi ya Uso ilitafakari ikagundua kwamba mtu akisikia habari mbaya hukunja uso, na uso ukikunjwa vigaga hupasuka. Ikapigwa marufuku kumfikishia Nguzo habari mbaya mpaka apone. Daraja la kaskazini lilipoanguka, aliambiwa limekwenda kupumzika. Mto ulipofurika ukabeba nyumba mia mbili, aliambiwa maji yamewatembelea wananchi na wananchi wameondoka nayo kwa furaha. Alitabasamu kidogo tu, maana hata kucheka kulikuwa na kiwango.

Sasa fikiri mwenyewe. Katibu ana jambo la kumwambia: Mzee, keshokutwa nyusi zako zitatoweka. Je, hiyo ni habari njema?

Leokadia alinyamaza. Siku ya tatu alinyamaza, ya nne akanyamaza, ya tano akanyamaza. Mimi niko sokoni kwangu namchora mke wa mwalimu, sina habari.

Siku ya sita Nguzo aliamka, akaomba kioo. Kigaga cha mwisho kilikuwa kimebaki kwenye mto. Alijitazama, akakuta uso ule ule uliozuiwa getini.

"Rangi yangu iko wapi?" aliuliza.

Katika serikali yetu swali linaloanza na "iko wapi" halijibiwi na mtu mmoja, linaundiwa tume. Tume ikaundwa hapo hapo chumbani, ikakaa robo saa, ikaandika: Rangi ilikuwepo. Rangi haipo. Kitu kilichokuwepo kikawa hakipo, kimeibwa. Aliyekishika mara ya mwisho ni fundi.

Walinikuta na mteja kitandani, unyusi mmoja umekwisha na mwingine bado. Niliwaomba dakika ishirini nimmalizie mama wa watu. Wakakataa. Mpaka leo namfikiria yule mama anavyotembea.

"Kosa langu nini?" niliuliza.

"Kuiba rangi ya dola."

Nilicheka, tena kicheko cha kutoka tumboni. "Jamani, haijaibwa! Ndivyo inavyopona. Nendeni mkamuulize katibu Leokadia, atawaeleza. Ana karatasi yangu."

Niliingia kwenye gari lao bila wasiwasi wowote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pingu. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo wake stesheni.

Mahakama ilijaa. Jalada liliwekwa mezani, upande wa mbele wa karatasi yangu ukasomwa kwa sauti, na watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa: yote yalifuatwa. Hakuna maji yaliyomgusa, hakuna jua, hakuna mvuke.

"Mheshimiwa Jaji," nikasema, "naomba ibanduliwe isomwe nyuma. Nimeandika nyuma kwamba rangi itatoweka na itarudi."

Jaji alinitazama juu ya miwani. "Mshtakiwa, mgongo wa karatasi ya serikali haupo kisheria. Unaiomba mahakama ibandue kitu kisichokuwepo?"

"Upo, nimeuandika mimi."

"Basi unakiri pia kuvunja Waraka wa Arobaini. Karani, andika kosa la pili."

Nikaona maneno yananigeuka mdomoni, nikaamua kuacha sheria kwa wenyewe. Nikaomba shahidi mmoja tu. Nikamwomba Leokadia.

Aliingia na suti ya kijani, nywele amezibana nyuma, uso wote wazi. Nyusi zangu zilikuwa zimempendeza. Samahani, nyusi zake. Nilizitazama nikaona pale kwenye kona ya kushoto nilipozipinda kidogo kufunika kovu la moto, na moyo wangu ukatulia kabisa. Nikasema moyoni, haya yamekwisha, leo tunakula wali.

"Shahidi, unamfahamu mshtakiwa?" aliuliza wakili wa serikali.

"Namfahamu kwa mbali. Ni fundi wa soko la kuku."

"Alikusomea maelekezo yoyote kuhusu rangi kutoweka na kurudi?"

"Hapana."

"Je, kwa uelewa wako, rangi iliyotoweka usoni huweza kurudi yenyewe?"

"Sijapata kusikia jambo kama hilo."

Kwa utaratibu wetu mshtakiwa huruhusiwa swali moja, fupi, lisilo na kelele. Nilikuwa na maswali mia. Nilikuwa na mwezi mzima wa kumshika viganja. Nikachagua moja.

"Leo," nikasema, "hizo nyusi ulizo nazo, nani alikuchora?"

Akaweka vidole usoni, polepole, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Hakunitazama. Alimtazama Jaji.

"Nyusi zangu nilizaliwa nazo," akasema.

Mimi niliona aibu. Sijui kwa nini aibu ilinishika mimi na si yeye, lakini niliinamisha kichwa, nikatazama viatu vyangu, na sikusikia tena yaliyosemwa mpaka askari aliponigusa bega. Nilihukumiwa miaka sita, mwaka mmoja kwa kila siku niliyomhadaa Mheshimiwa kwamba ana nyusi.

Gerezani wanawake wenzangu waliniuliza kosa langu. Nikawaambia. Mmoja, aliyefungwa kwa kupiga chafya wakati wa dakika ya ukimya, aliniuliza, "Na huyo shoga yako mligombana?" Nikasema hapana, hatujagombana hata siku moja. Akanihurumia zaidi.

Nilihesabu wiki. Fundi hawezi kuacha kuhesabu. Kila asubuhi nilijua ngozi ya Nguzo imefika wapi. Wiki ya pili inang'aa kidogo. Wiki ya tatu kivuli kinaanza kuonekana. Wiki ya nne, Jumanne, redio ya gereza ilikatiza taarab ikapiga wimbo wa taifa.

"Leo asubuhi," mtangazaji alisema akilia, "Mheshimiwa Nguzo ameamka na nyusi!"

Gereza lilishangilia. Walininyanyua juu juu, wakanivalisha leso ya mtu. Nikakunja blanketi langu, nikagawa sabuni yangu kipande kwa kipande, nikaketi karibu na mlango. Nilijua watakuja.

Akaja bibi mkuu wa gereza na barua ya mahakama, akanisomea akiwa amesimama: "Rangi imerudi. Kitu hakirudi ila kimerudishwa, na hakirudishwi ila na aliyekichukua. Kwa kurudi kwa rangi, wizi wa mshtakiwa umethibitika pasipo shaka yoyote. Rufaa yake, ambayo hajaikata, inatupiliwa mbali."

"Sasa ningeirudishaje nikiwa humu ndani?" nilimuuliza.

"Ndiyo maana wameagiza kufuli za pili," akajibu, na si kwa ubaya.

Nililia, sifichi. Nililia kwa ajili ya miaka yangu, halafu nikagundua nalia kwa ajili ya Leokadia, nikajikasirikia, nikaanza upya.

Wiki ya sita walikuja kunichukua. Kazi ya pili, ile ya kujazia, haikuwa na mwingine wa kuifanya, kwa maana mafundi wote wa nyusi nchini walikuwa wamekimbia au wamejiandikisha kuwa wauza kuku. Walinipeleka Ikulu na mnyororo mguuni, askari akiushika upande wa pili kwa mkono mmoja huku kwa mwingine ameshika kikombe cha chai.

Nguzo alilala kwenye kochi lile lile. Unyusi wa kulia ulikuwa salama. Wa kushoto ulikuwa na pengo dogo katikati. Nilipoinama aliniambia kwa chini sana, "Nilijikuna. Mara moja tu, chini ya shuka."

"Wengi hujikuna, Mzee."

"Wao wanadhani rangi ya hapo umeiba wewe."

"Najua."

Akafumba macho. Nikajazia pengo. Nilipomaliza nikaona safari hii sitaandika. Nitasema kwa mdomo, mbele ya watu, upande wa mbele na upande wa nyuma. Chumbani walikuwamo Waziri Kisuguru asiye na nyusi, Leokadia na jalada lake, daktari, na mpima ardhi.

"Mzee," nikasema kwa sauti, "usiloweshe, usijikune. Na kuanzia siku ya sita rangi itatoweka tena. Usishtuke. Itarudi wiki ya nne, kama ilivyorudi."

Nguzo akainuka akaketi.

"Itatoweka na itarudi yenyewe?"

"Yenyewe, Mzee. Ni ngozi tu."

"Sasa mbona mara ya kwanza sikuambiwa?"

Nilimtazama Leokadia. Kila mtu alimtazama Leokadia. Nilimpa muda, wallahi nilimpa. Niliwaza: hapa pana mlango, Leo, tena upo wazi, sema tu kwamba niliogopa. Nguzo hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na sauti ya mzee anayetaka kuelewa. Ningesamehewa mimi, na nadhani angesamehewa hata yeye.

Leokadia alipiga hatua moja mbele, akafungua jalada.

"Mheshimiwa, wakati ule jambo hili lilikuwa halijulikani na sayansi," alisema. "Ni ugunduzi wa ofisi yangu. Baada ya kuwafuatilia wagonjwa kadhaa kwa siri, tumebaini kwamba rangi hutoweka siku ya sita na kurejea wiki ya nne. Tuliona tumpe huyu mfungwa maelekezo hayo ayasome, kama sehemu ya kumrekebisha tabia."

Nikafungua mdomo. Askari akauvuta mnyororo kidogo, kwa adabu.

Nguzo alisimama kumpa mkono Leokadia. Alisema nchi inahitaji watu wanaofikiri kama yule mama. Akamtazama Waziri Kisuguru, akatazama mahali nyusi zake zilipokuwa, akasema Waziri wa Mwonekano hawezi kuwa na mwonekano ule, na pale pale Leokadia akateuliwa kushika wizara. Mpima ardhi alianzisha makofi. Kisha Nguzo akanigeukia, akaniwekea kiganja begani kwa upole wa baba, akaniambia nijifunze kwa wenzangu.

Alinisindikiza mwenyewe Leokadia hadi kwenye gari la magereza. Aliwaambia askari wasogee kidogo, wakasogea, maana sasa alikuwa wa kusogewa. Tukabaki wawili. Kwa karibu niliona nyusi zake zimefifia pembeni, zinahitaji kujaziwa.

"Siwatu, ningefanya nini? Ningesema, tungefungwa sote wawili. Nani angekuletea hata sabuni?"

"Hukuleta sabuni."

"Nitaleta. Nitakutoa kabisa, nipe muda tu nikae vizuri kwenye kiti. Unanisikia? Sema neno basi. Usinitazame hivyo."

Nilitafuta neno. Matusi nilikuwa nayo ya kutosha, ya soko la kuku tena, ila yote yalikuwa ya kumtukania mtu unayemjua. Nikapanda ngazi ya gari, nikavuta mnyororo wangu ndani usibanwe na mlango, nikaketi.

"Asante sana, Mheshimiwa," nikamwambia.

Leokadia aliduwaa. Halafu uso ukamlainika, akatabasamu, akaiweka sawa kola ya suti yake. Akaniambia si lazima nimwite hivyo tukiwa wawili tu.